Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS): Kesi ya moto isiishie kwenye soketi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Mikindani. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, na nakuandikia kwa sababu ya plagi moja iliyoyeyuka.

Mwezi uliopita mzee mmoja mstaafu wa Shangani, hapa Mtwara, aliniita usiku. Alikuwa amenunua gari dogo la umeme, lililotumika, kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Lililetwa juu ya lori, maana chaji yake isingelifikisha hata Kilwa, na vijana wa mtaani walipata utani wa wiki nzima. Mzee alikuwa akilichaji kwenye soketi ya sebuleni, ile ile ya birika, kupitia ekstensheni iliyopitishwa dirishani. Hatua tatu kutoka dirisha hilo palikuwa na magunia ya korosho yakisubiri mnada. Nilipofika, plagi imegeuka kahawia na kushikana na soketi, na nyumba nzima inanuka plastiki. Moto haukuwaka. Ulibaki kidogo.

Nikampigia muuzaji kwa simu ya mzee. Akanijibu, "Fundi, gari halina tatizo. Umeme wenu huko kusini ndio mbovu."

Nusu ya jibu hilo ni kweli, na siwezi kulikana mimi ninayezifungua soketi hizi kila siku. Upepo wa chumvi unakula shaba. Skrubu zinalegea. Kuna nyumba hazina erthi kabisa. Lakini birika linavuta umeme kwa dakika tano, linazima, na soketi inapoa. Gari linavuta ampea kumi kwa saa kumi bila kupumzika. Maungio yakilegea kidogo tu, joto linajikusanya pale pale, shaba inazidi kuchakaa, joto linazidi tena. Fyuzi ya plagi ya yule mzee ilikuwa nzima! Isingekatika, kwa kuwa ampea hazikuzidi. Kilichozidi ni joto, na fyuzi ya kawaida haiangalii joto la soketi.

Hapo ndipo nilipokumbuka kisa cha Irvine, California. Novemba 2013 moto ulizuka kwenye gereji ya nyumba ambamo Tesla Model S ilikuwa inachajiwa. Kampuni ikasema chanzo si gari wala kebo yake, bali ni soketi ya ukutani. Zimamoto wa pale hawakufika mbali hivyo: walitaja maungio yenye joto kati ya soketi na vifaa vya kuchajia, bila kuamua kosa ni la upande upi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tesla walisema ukuta ndio wenye ufa.

Lakini tazama walichofanya baadaye. Walibadilisha programu ya gari ili likihisi umeme unayumba lipunguze mkondo kwa asilimia 25. Januari 2014 wakatangaza kuwapelekea wateja adapta mpya yenye fyuzi inayokatika kwa joto. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliorodhesha jambo hilo kama urejeshaji (wito wa kurudisha magari kwa mtengenezaji yarekebishwe) wa magari 29,222, na Elon Musk, mkuu wa Tesla, akalalamikia neno lenyewe, kwamba hakuna gari lililorudishwa popote. Wabishane watakavyo kuhusu neno. Mimi naona kwamba hata kama kosa lilikuwa la ukuta, dawa ilipatikana ndani ya kifaa. Chaja inaweza kutengenezwa ikautambua ukuta mbovu na kujizima. Kwa hiyo "umeme wenu mbovu" si mwisho wa mazungumzo.

Kuna wakati kosa liko ndani ya betri yenyewe, na soketi haihusiki. General Motors walianza Novemba 2020 kwa kuwaambia wenye Chevrolet Bolt za miaka fulani wasizidishe chaji ya asilimia 90. Baadaye magari mawili yaliyokwisha kurekebishwa nayo yakaungua. Agosti 2021 urejeshaji ukapanuliwa kwa Bolt zote, takriban 142,000, na baadhi ya wenye magari wakashauriwa kuegesha futi 50 mbali na magari mengine. Futi 50! Jaribu kuzipata kwenye mitaa ya Chikongola, hapa Mtwara. Nakubali kwamba walisema, wakarudi kusema tena, hata pale maneno ya pili yalipoaibisha ya kwanza.

Nisieleweke vibaya. Magari ya petroli yanaungua zaidi kuliko haya. Takwimu za Sweden na Norway zinaonyesha hivyo, na nimeshuhudia bajaji ya petroli ikiteketea yote. Sitaki magari ya umeme yazuiwe. Ila betri ya lithiamu ikishika moto inataka maji mengi mno, na inaweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika.

Ombi langu linaanza na magari yaliyotumika. Nissan ilitoa tahadhari Marekani mwaka 2024 kwamba baadhi ya Leaf za 2019 na 2020 zisichajiwe kwa chaja za kasi, kwa hatari ya moto. Tahadhari ya namna hiyo humfikia mnunuzi wa kwanza, aliyeandikwa kwenye vitabu vya kampuni. Mzee wa Shangani ni wa pili au wa tatu, na barua haitamfikia. Ukaguzi wa gari la umeme usiishie kwenye taa na breki: namba ya chesisi ilinganishwe na orodha za urejeshaji, na karatasi inayotoka hapo akabidhiwe mnunuzi, kwa Kiswahili, pamoja na jina la mtengenezaji wa betri. Korea Kusini kampuni zilianza kutaja majina hayo Agosti 2024, baada ya Mercedes iliyoegeshwa tu, haijachomekwa popote, kuwaka chini ya maghorofa ya Incheon na kuharibu magari zaidi ya mia.

Kuhusu chaja za mkononi, zile zinazochomekwa soketi ya kawaida, kiwango kidai kihisi joto ndani ya plagi. Muuzaji asiyeweza kuonyesha kihisi hicho asiuze. Na aandike kwenye boksi, kwa herufi zinazosomeka, kwamba ekstensheni hairuhusiwi.

Plagi ya mzee ninayo kwenye kopo dukani; mkaguzi wako akipita Mikindani nitamkabidhi. Mzee mwenyewe nimempigia hesabu ya laini yake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, waya wa milimita nne, soketi ya nje, mbali na korosho. Amesema atanijibu baada ya mnada.

Wako,
Fundi umeme, Mikindani, Mtwara