Namba ya mpigaji isahihishwe inapoingia, si mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wakuu wa ofisi, pamoja na wenzangu tunaotunza mitambo ya simu, juu ya kasoro inayodhaniwa kuwa ndogo: namba ya mpigaji kuonekana kwenye kioo cha simu ya ofisi kwa namna ambayo haiwezi kupigwa tena.

Hivi karibuni niliitwa katika ofisi moja ambako mhudumu wa mapokezi alinionyesha daftari alilolijaza kwa kalamu ya risasi. Kila asubuhi alinakili humo simu ambazo hazikupokelewa usiku, kisha akaongeza kwa mkono sifuri mbele ya kila namba, na mbele ya sifuri ile 9 ya kufungulia laini ya nje, kwa sababu alikwisha kutambua kwamba akibonyeza kitufe cha kupiga tena bila kufanya hivyo, hujibiwa kuwa namba hiyo haipo. Zile zilizotoka nchi nyingine alizipigia mstari na kuziacha, akiamini zimeharibika njiani. Uongozi ulikuwa tayari umeamua kununua simu mpya za mezani, ilhali simu zilizokuwapo hazikuwa na ubovu wowote.

Namba moja ya simu huandikwa kwa sura kadhaa, na zote ni sahihi mahali pake. Ndani ya nchi huanza na sifuri. Ukiipiga kutoka nje, kwa kawaida sifuri hiyo huondoka na msimbo wa nchi hushika nafasi yake. Na mbele ya msimbo huo wengine huweka alama ya kujumlisha, wengine 00, na kwa anayepiga kutoka Marekani ni 011. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano umeweka kanuni iitwayo E.164, ambayo kwayo namba kamili, pamoja na msimbo wa nchi, haizidi tarakimu 15, na kwa desturi huandikwa ikitanguliwa na alama ya kujumlisha. Tatizo huanza pale kampuni ya simu inapoituma namba kwa sura moja na mtambo wa ofisi ukawa unangojea nyingine. Mtambo haujui kwamba pengo lile la mwanzo lilikuwa na sifuri. Huonyesha ulicholetewa, na ukiambiwa upige, hupiga hicho hicho.

Kwa hiyo nawasihi mafundi wenzangu tusianze kubadilisha chochote kabla ya kuona namba ilivyofika. Fungueni kumbukumbu za mtambo, pigeni simu moja ya majaribio kutoka simu ya mkononi, na mwandike tarakimu kama zilivyopokelewa kutoka kwenye laini, kabla ya kanuni yoyote ya ndani kuzigusa. Katika laini zinazotumia itifaki ya SIP, yaani utaratibu wa kupitisha simu kwenye mtandao wa data, angalieni sehemu mbili za ujumbe unaoleta simu: ile ya “From”, inayotaja mpigaji, na ile ya “P-Asserted-Identity”, yenye namba iliyothibitishwa na mtandao wa simu. Mara nyingi nimekuta namba ikiwa na msimbo wa nchi katika moja na bila msimbo katika nyingine, simu ya mezani ikisoma ya kwanza na taarifa za simu zikihifadhi ya pili, hata watu wawili wanaotazama simu ile ile wakabishana kwa sababu kila mmoja anaona tarakimu zake. Mpigaji aliyeamua kuficha namba yake ni suala jingine, wala si kosa la kurekebishwa.

Ukishajua kinachofika, sahihisha mara moja tu, pale laini inapoingia kwenye mtambo. Kila namba inayoingia igeuzwe iwe katika sura ya E.164 na ihifadhiwe hivyo, na inapotoka nje igeuzwe tena kulingana na matakwa ya laini itakayoibeba. Ile 9 iongezwe na mtambo wenyewe, si na mhudumu. Anayeongeza sifuri katika simu moja moja za mezani atakuja kukuta msimbo wa nchi ukifuatwa na sifuri isiyotakiwa, au msimbo ukijirudia mara mbili. Tena tusikimbilie kuandika kanuni ya kufuta kila sifuri inayofuata msimbo wa nchi, kwani Italia sifuri ya mwanzo ya simu za mezani ni sehemu ya namba na hubaki hata unapopiga kutoka nje.

Jina la mpigaji, ambalo hupatikana kwa kulinganisha namba yake na zilizo kwenye kitabu cha majina, nalo hupotea kwa sababu hizo hizo, ijapokuwa wengi hulaumu kitabu chenyewe. Majina mengi huletwa yakiwa katika faili la Excel, ambalo likiachiwa lichukue namba ya simu kuwa hesabu ya kawaida hufuta sifuri ya mwanzo, na namba yenye tarakimu 12 au zaidi huionyesha kwa kifupi chenye herufi E katikati. Safu ya namba iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuingiza chochote; baada ya hapo ni vigumu kujua ni zipi zilizopoteza sifuri.

Katika ofisi ile kazi haikuchukua hata muda wa saa mbili. Tulipomaliza nilimwomba yule mhudumu achague simu tatu kwenye orodha, moja ikiwa ya nchi nyingine, azipigie kwa kitufe bila kuongeza chochote. Zote tatu ziliita, na ile ya nje ilipokelewa na mtu aliyesema amekuwa akingoja kupigiwa kwa siku nne.

Ombi langu la mwisho ni kwa kampuni zinazouza laini kwa ofisi. Siku ya kukabidhi laini, mpeni mteja karatasi inayoonyesha namba ya mpigaji mtaituma kwa sura gani, na namba ya ofisi mnataka kuipokea kwa sura gani inapopiga nje, pamoja na mfano mmoja wa kila aina. Leo fundi hulazimika kuyabaini hayo kwa kubahatisha, na wakati huo wote wapigaji hawapigiwi.

Wako,
Fundi wa simu za ofisi