Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha Waafrika Mashariki tulioko Japani,

Awali ya yote nawashukuru mliofika leo na wale walioomba udhuru mapema. Wasioomba nitawarudia mbele.

Kazi za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Kamati Tendaji ilikaa kama katiba inavyotaka. Aprili tuliwapokea wanafunzi wapya, tukawaonyesha benki, ofisi za manispaa na duka linalouza unga wa sembe. Tulitoa rambirambi kwa wanachama wawili waliofiwa nyumbani. Kundi la WhatsApp lipo hai, ingawa salamu za asubuhi zinafunika matangazo. Uchaguzi haukufanyika kwa sababu akidi haikutimia, ndiyo maana mnaniona tena hapa mbele. Sikung'ang'ania kiti.

Nije kwenye jambo ambalo najua linazungumzwa sana pembeni, nalo ni darasa la kupima mlo, na zile mizani.

Mkutano mkuu uliopita ndio uliopitisha kwamba chama kiendeshe darasa la mwaka mzima kuhusu namna Japani inavyopima ubora wa mlo na mazoea ya ulaji ya watu wazima. Wengi wetu hapa tumekuja kusomea lishe au afya ya jamii, na tukirudi Dodoma, Kisumu au Bujumbura tutaambiwa tuongoze tafiti za namna hiyohiyo. Hoja ilipita kwa makofi. Muhtasari ninao, na hakuna jina hata moja la aliyepinga. Kelele zilianza Juni, Kamati iliponunua mizani 20 za jikoni kwa fedha iliyokuwa imewekwa kando kwa ajili ya nyama choma ya Agosti.

Nimeambiwa kwamba "mwenyekiti amekula nyama yetu". Sikula. Nilinunua mizani, na risiti iko kwa mweka hazina.

Waliopinga walisema dodoso, yaani karatasi ya maswali, lingetosha. Ni kweli Japani ina dodoso zuri. Lile fupi lililotengenezwa na Profesa Satoshi Sasaki, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Tokyo, linauliza kuhusu mwezi uliopita, lina vyakula na vinywaji 58, na mtu analijaza akiwa kwenye treni. Lakini dodoso hilo lilithibitishwa vipi? Waliwapa watu mizani, wakapima walichokula kwa siku 16, ndipo wakalinganisha majibu. Kumbe hata dodoso limesimama juu ya mizani. Mtu ambaye hajawahi kupima bakuli lake hajui dodoso linakosa nini.

Isitoshe, nchi hii imekuwa ikipima tangu njaa ya 1945. Uchunguzi wa lishe ulianza Tokyo mwaka huo kwa agizo la uongozi wa majeshi ya Washirika yaliyoikalia Japani chini ya Marekani baada ya vita, uliotaka takwimu za kujua msaada wa chakula unahitajika kiasi gani, na kufikia 1948 ulikuwa umeenea nchi nzima. Mpaka leo, kila Novemba, kaya zilizochaguliwa hupima na kuandika chakula cha siku moja. Tangu 1995 wanaandika pia sufuria moja iligawanywaje: baba kapata kiasi gani, mama kiasi gani, watoto kiasi gani. Hapo ndipo tulipojifunza zaidi, kwa sababu hata sisi kwetu tunakula sinia moja. Mwanachama mmoja alisema kwa dhati kwamba yeye na mkewe hula sawasawa. Tulipopima, mwenyewe akaomba karatasi yake isisomwe.

Mizani zilitufundisha na udhaifu wa njia yenyewe. Kuna aliyekula mkate na yai mfululizo ili asisumbuke kupima mchuzi. Hilo linatokea hata kwa Wajapani: anayejua kwamba anaandika hubadilisha anachokula, au "husahau" biskuti za saa kumi. Tena siku moja ya Novemba inaweza kukupa wastani wa taifa, lakini haikwambii mazoea ya mtu mmoja, na matikiti ya Agosti hayamo kabisa. Haya yote nilikuwa nimeyataja kwenye kikao cha Machi. Walioyasema Septemba kana kwamba wamegundua wao, hawakuwepo Machi.

Mgogoro wa pili ulikuwa wa kipimo kipi cha ubora wa mlo kitumike. Vijana walitaka kipimo cha Marekani chenye alama 100, eti majarida yanakitambua. Kamati iliamua tuanze na mwongozo wa Japani wa 2005, uliochorwa mfano wa pia ile ya watoto ya kuzungusha. Juu ziko nafaka, sehemu 5 hadi 7 kwa siku. Chini yake mboga, 5 hadi 6. Kisha samaki, nyama, mayai na soya, 3 hadi 5. Na mwisho maziwa 2 na matunda 2. Mhimili wake ni maji na chai, na mtu anakimbia juu yake, maana pia isipozunguka huanguka. Uzuri wake ni kwamba unahesabu vyakula vikiwa vimeshapikwa na kupakuliwa. Onigiri moja, yaani tonge la wali, ni sehemu moja, na kibakuli cha mchicha wa kuchemsha ni sehemu moja. Mama wa nyumbani Osaka hahitaji kikokotoo.

Kipimo cha Marekani kwa upande wake kinatoa alama kwa nafaka zisizokobolewa, na Mjapani anakula wali mweupe. Hapo ameshapoteza, hata kama samaki na soya vinampandisha. Sikusema ni kibaya. Nilisema tusianze nacho. Tena mwongozo wa pia haukubaki mchoro wa ukutani tu. Utafiti uliochapishwa na jarida la tiba la Uingereza, BMJ, mwaka 2016 uliwafuatilia Wajapani zaidi ya 79,000 kwa takriban miaka 15, na robo ya waliofuata mwongozo kwa karibu zaidi walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 15 ikilinganishwa na robo ya walioufuata kidogo zaidi.

Kuna hoja moja ya vijana ninayoipa uzito wake, nayo ni chumvi. Mwongozo wa pia hauhesabu chumvi, na chumvi ndiyo donda la mlo wa Kijapani. Mwaka 2019 wastani kwa watu wazima ulikuwa gramu 10.1 kwa siku, wakati lengo la viwango vya ulaji vya Japani vya 2020 ni chini ya 7.5 kwa wanaume na 6.5 kwa wanawake. Mboga zilikuwa gramu 280.5, lengo likiwa 350. Kwa hiyo mtu anaweza kupata alama nzuri za mwongozo wa pia huku akila kwa sosi ya soya, supu ya miso (soya iliyochachushwa) na mboga za kuchachua. Ndiyo maana lile dodoso fupi linauliza mpaka kiasi cha mchuzi wa tambi unachokunywa. Katika karatasi zetu wenyewe chumvi nyingi ilikuwa ya mchana, saa ya ramen, zile tambi za mchuzi, na wanaokunywa mchuzi mpaka tone la mwisho wanajijua. Chumvi tukaiandika kando, safu ya pekee. Suluhisho hilo lilikuwa langu, ingawa nimesikia likitajwa kwa majina mengine.

Kuhusu mahudhurio, nitasema bila kupaka sukari. Darasa lilianza na watu 20 na kumalizika na 8. Kikao cha Oktoba, tulichokodia ukumbi, walikuja 5, na wawili kati yao waliondoka kabla ya chai. Mizani 13 zimerudi. Nyingine 7 bado ziko majumbani, na nasikia moja inapima unga wa mandazi ya biashara. Nawatakia heri, lakini mizani ni mali ya chama.

Fedha ni hivi. Tulianza na yeni 71,400. Ada zikaingia 87,000 na michango 25,000, jumla 183,400. Matumizi: mizani 39,600, rambirambi 40,000, ukumbi 36,800, kuchapisha madaftari ya mlo 14,200, mapokezi ya wageni 18,000, jumla 148,600. Salio ni 34,800. Wanachama ni 64 na waliolipa ada ni 29. Wasiolipa 35, kwa yeni 3,000 kila mmoja, wanadaiwa 105,000. Fedha hiyo ingenunua mizani, ikaweka na mbuzi kwenye jiko, na ikabaki. Baadhi ya waliolia sana kuhusu nyama wamo katika hao 35. Majina sitasoma leo.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuendelea na darasa kadiri hali itakavyoruhusu. Tungependa kumwalika mtaalamu mmoja wa Kijapani atusomee karatasi zetu. Kuna wazo pia la kuandaa orodha ya vyakula vya kwetu, kwa maana jedwali la virutubisho vya vyakula la Japani la 2020 lina vyakula 2,478 na ugali wenyewe humo hakuna. Tulilazimika kukokotoa unga na maji. Nani ataifanya kazi hiyo, bado hatujaamua. Nyama choma itategemea ada.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti