Lile doa jeusi jichoni mwangu

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Shangazi yako ameniambia ulilia uliposikia jicho langu litatolewa. Halitolewi. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani, na hapo nilikosea.

Chanzo ni sindano. Kutunga uzi wa kofia kulianza kunishinda, nikaenda kupimwa miwani hapa Lamu. Aliyenimulika alinyamaza kitambo, kisha akasema mna uvimbe mweusi, ni saratani, jicho litolewe upesi. Usiku ule sikulala. Nilikaa barazani hadi adhana ya alfajiri, nikifumba jicho hili na kufumbua lile.

Nikavuka Mokowe, nikapanda basi hadi Mombasa kwa bingwa wa macho. Alinitia matone, mboni zikapanuka hata mwanga wa dirishani ukanichoma. Alipiga picha za nyuma ya jicho, akapima unene wa uvimbe kwa altrasaundi. Kisha akanionyesha: doa jeusi tititi, limekaa pale mshipa wa kuonea unapoingia jichoni, kingo zake zimechanuka kama unyoya. Linaitwa melanositoma. Ni chembe zenye rangi ileile inayotia weusi ngozi, zimejikusanya mahali pamoja, na si saratani. Melanoma ya jicho, yaani saratani ya chembe hizo, ni adimu kwa watu weusi, lakini melanositoma humpata mtu wa rangi yoyote.

Hakukata kipande cha kupima, maana kukata pale kwaweza kumpofusha mtu. Weusi wake, mahali ulipo na kingo zile vilimtosha.

Akaniambia jambo ambalo halijanitoka. Kabla ya mwaka 1962, madaktari Zimmerman na Garron walipoueleza uvimbe huu, watu walitolewa macho kwa kudhaniwa wana saratani. Nawafikiria hao kila nishikapo sindano.

Sikufichi tena: mmoja au wawili katika kila mia hugeuka kuwa saratani. Ndiyo maana nitapigwa picha kila mwaka, ilinganishwe na ya kwanza. Uvimbe ukikua upesi au nikianza kuona giza, sitangoja tarehe.

Mwaka ujao twende sote, inshallah. Kwa matone yale siwezi kushuka ngazi za gati peke yangu, na nataka uione picha hiyo kwa macho yako.

Babako