Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Urambo, Tabora.

Wazazi na walezi wapendwa,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA UCHUNGUZI WA WANAFUNZI KUHUSU TUMBAKU

Salaam. Tumefunga salama. Ripoti ya mtihani kila mtoto anayo. Tutafungua Jumatatu ya kwanza ya Julai. Wanaodaiwa mahindi ya chakula cha mchana wayalete siku hiyo, maana mavuno yapo.

Lingine lahitaji maelezo, kwani mzazi mmoja alinijia ofisini amekasirika, akidhani tunawatuma watoto kupeleleza mashamba. Sivyo. Kidato cha Tatu walitaka kujua tumbaku imewafanyia nini watu wa hapa, mema na mabaya. Walikwenda wawili wawili na daftari, wakaomba ruhusa, na hawakuandika jina la mtu. Waliuliza bani moja, yaani banda la kukaushia tumbaku, hula mikokoteni mingapi ya kuni, kuni hizo sasa zinafuatwa wapi, nani anachuma majani, na kama madukani mtoto huuziwa sigara, wakati sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Lililoniumiza lilitoka ofisini kwangu. Walifungua rejista za mahudhurio wakaona utoro unapanda Februari na Machi, tunapochuma na kukausha. Rejista hizo nazisaini mimi, na sikuwahi kuliona. Wamejifunza pia kwamba nikotini ya jani bichi hupenya kwenye ngozi, hasa jani likiwa na umande, ikaleta kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Sisi wote huwa tunasema ni malaria. Mtoto akitapika, mkifika zahanati semeni kama alikuwa shambani.

Sisemi mng'oe tumbaku. Ada yangu mwenyewe ililipwa na marobota ya baba. Ila Februari ijayo nawataka watoto darasani.

Likizo hii wana ukurasa mmoja bado mtupu: makato ya mkopo wa pembejeo. Hayo mnayajua ninyi tu. Mkirudi kutoka sokoni, kaeni nao muwaonyeshe hesabu ilivyokwenda. Taarifa yote wataisoma mbele yenu siku ya kufungua, saa nne asubuhi.

Mzee mmoja, alipoulizwa faida ya tumbaku ni nini, aliwauliza, "Na hizo kalamu zenu zilinunuliwa na nini?" Wameliweka swali hilo ukurasa wa kwanza.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule