Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Naomba Kadi Zangu Mbili

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Kwa umri nadhani tunalingana, ila cheo nacho kina mvi zake, kwa hiyo shikamoo. Jina lako sitaliandika hapa, wala la ofisi yako. Yote mawili yapo juu ya bahasha nne nilizokwishaziacha mapokezi kwako, na nakala yangu ya kila barua iligongwa mhuri wa “Imepokelewa”. Mhuri wenu unafanya kazi vizuri kabisa, sina malalamiko nao. Hii ya tano, ya kuomba memori kadi zangu mbili za kamera, nimeona isomwe na kila mtu. Huenda katika wasomaji yumo mmoja anayeruhusiwa kupanda ile lifti ambayo mimi kila nikiikaribia naambiwa Mkurugenzi yuko kikaoni.

Siku 37 zilizopita, saa kumi na moja na nusu jioni, tulikuwa watu tisa katikati ya jiji la Dar es Salaam, mbele ya jengo lililokuwa sinema zamani na sasa ni maduka ya vipodozi na simu. Tulikuwa na kamera moja ya kukodi, taa mbili, kinasa sauti kilichofungwa kwenye mti wa fagio, na mzee wa miaka 81 ameketi juu ya stuli. Hatukufunga barabara. Hata bajaji hatukuisimamisha. Wakaja vijana watatu wa ofisi yako pamoja na mgambo, wakaomba kibali cha kurekodi filamu. Nikatoa kibali. Wakakisoma mbele, wakakigeuza nyuma, wakasema kimeandikwa “Ilala” na hakikutaja mtaa. Nikawaambia dirishani kwenu niliambiwa Ilala inatosha. “Aliyekwambia nani?” Sasa Mheshimiwa, pale dirishani kwenu nani anayevaa kitambulisho?

Kamera hawakuichukua, kwa sababu mwenye duka la Sinza tulikoikodi alikuwapo na aliongea nao pembeni. Walichukua memori kadi mbili. Nikaandikiwa kwenye karatasi ya daftari la mistari: “kadi 2 nyeusi”. Mhuri wenu ule mzuri, siku hiyo haukuwepo.

Nimevumilia. Nimekuja kwa miguu, nimekuja kwa mwendokasi, nimekuja siku ya mvua na viatu mkononi. Lakini Jumatatu ya juzi kijana wa mapokezi akanishauri nilete risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kuonyesha kwamba kadi ni zangu. Nilimweleza kwamba kadi zilikodiwa pamoja na kamera, na mwenye nazo ananihesabia shilingi 10,000 kwa kila kadi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: leo ni 740,000, na ninavyoandika inapanda. Akanijibu, “Basi alete risiti huyo mwenye duka.” Nikaenda kukaa kwenye ngazi zenu nikacheka, watu wakadhani nimechanganyikiwa. Hapo ndipo nilipoamua kuandika hii.

Kwenye hizo kadi kuna nini? Yule mzee alikuwa mwendesha projekta. Mwaka 1966 Drive-In ya Msasani ilipofunguliwa, alikuwa kijana wa miaka 22 anabeba mikanda, na baadaye akakabidhiwa mashine. Leo kwenye kiwanja kile upo ubalozi wa Marekani. Yeye huwa anasema zamani filamu zao zilikuja pale kwa mikanda, na sasa wamekuja wenyewe na kiwanja. Jioni ile aliongea dakika 40 bila kusimama. Alieleza jinsi filamu moja ilivyogawanywa katika mikanda kadhaa, kila mmoja kama dakika ishirini, na projekta zikiwa mbili. Mkanda unapokaribia kwisha, kiduara kidogo hutokea kona ya juu kulia ya picha. Kikitokea cha kwanza unawasha mota ya mashine ya pili. Cha pili kikitokea unabadili, na mtazamaji aliye nje na familia yake na sufuria la pilau ndani ya gari hajui kama kuna binadamu huku ndani anatoka jasho karibu na vijiti vya kaboni vinavyowaka. Alifanya kwa mikono. Mikono yake ilikuwa inawasha mota hewani. Mpiga picha wangu, kijana ambaye hajawahi kuona mkanda wa filamu maishani mwake, alisahau kupumua.

Kesho yake mzee alirudi Pangani kwa binti yake. Nilipompigia kumwomba turudie, alisema, “Mwanangu, mimi nimeshasema.” Sikumlaumu. Vitu kama vile havisemwi mara mbili.

Naomba sasa nikukumbushe jambo ambalo sote wawili tulilishuhudia. Kabla ya haya yangu, ilikuja kampuni kubwa kutoka nje, ya wale wenye majina, ambao hata mtoto wa chekechea anazijua nembo zao. Nilipata kibarua kwao siku tisa, kutafuta na kusimamia maeneo ya kurekodia. Barabara ilifungwa tangu alfajiri. Pikipiki za king'ora zilikuwepo. Wewe mwenyewe ulikuja na miwani nyeusi, ukapigwa picha karibu na kreni yao. Sisemi kwa wivu, ninasema nilichokiona: walinilipa siku waliyosema watanilipa, tulikula mara tatu, na kila jioni ilitoka karatasi ya kesho yenye jina la kila mtu, hata la mama wa chai, na saa anayotakiwa kufika. Ndani ya studio kubwa mtu haulizi “kesho tunaanza saa ngapi”. Ukitaka kujua tofauti kati ya waliomo na sisi tulio nje, iko kwenye karatasi ile. Kwangu mimi dairekta ndiye dereva, ndiye mpishi, na ndiye anayebaki kulinda vyombo wakati wengine wanaswali.

Na hawa wakubwa hawakuanza jana kuja. Paramount, studio ya Hollywood, walileta watu wao hapa mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, nchi haijapata hata Uhuru. Dairekta Howard Hawks na mwigizaji John Wayne walipiga kambi upande wa Momella, chini ya Mlima Meru, wakikimbizana na vifaru na twiga kwa magari. Filamu ilitoka 1962 na jina lake ni neno letu, Hatari! Hatukulipwa hata senti kwa neno hilo, lakini tuache. Nauliza tu, baada ya zaidi ya miaka sitini, kwa nini mgeni akija na kamera tunaona utalii, na mwenyeji akiibeba tunaona kosa? Mwaka 2021 Rais mwenyewe alisimama mbele ya kamera za mwandishi wa Kimarekani, Peter Greenberg, akaitembeza dunia nchi hii. Nilifurahi mno. Nikasema sasa wakubwa wetu wameelewa kamera inafanya nini. Nadhani habari zile hazijafika kwenye dirisha lenu la chini.

Sitaki uniambie tatizo ni sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni Namba 4 ya mwaka 1976. Imenizidi miaka mitatu. Ilipotungwa, mtu wa kushuti filamu alihitaji mikanda, maabara na shirika la umma. Leo binti wa kidato cha pili anashuti kwa simu na kuhariri kitandani. Mwaka 2019 ikarekebishwa, na kampuni za nje zinazorekodi hapa zikatakiwa kukabidhi hata picha zao ghafi. Mimi ni mtoto wa Temeke, na zangu mmezichukua bila hata fomu. Kwa hilo angalau nimefikia kiwango cha kimataifa.

Kwa nini inakuwa hivi? Sina uhakika, nitakisia. Wapo wanaosema vijana wako wamewekewa kiwango cha makusanyo cha kila mwezi, na tarehe za mwisho wa mwezi mkali wao huongezeka. Wapo wanaosema ni mazoea tu, kwamba aliye na kampuni kubwa ana mwanasheria, na aliye nje ya kampuni, kama mimi, hana. Mimi nadhani ni jambo dogo zaidi: mtu mwenye kamera moja na fagio haonekani kama mtengenezaji wa filamu. Anaonekana kama mtu anayezurura.

Labda nikueleze nimetoka wapi, ndipo uelewe kwa nini kadi mbili zinanikosesha usingizi. Filamu yangu ya kwanza niliiuza Kariakoo, zama zile za DVD. Msambazaji ndiye aliyekuwa na mashine za kunakili, ndiye mwenye maduka, ndiye aliyechagua picha ya kasha na nani atokee mbele. Alinunua moja kwa moja, haki zote, hela ya mara moja. Akaniambia hadithi haitoshi, ikatwe sehemu ya kwanza na ya pili, mteja anunue mara mbili. Nikaongeza watu kutembea. Ndiyo, zile dakika nne za gari linaingia getini ni zangu, naomba radhi kwa Watanzania. Wiki ya tatu nikaikuta kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, kiingilio shilingi 200, na mwenye kibanda akanipongeza na kunitoza kiingilio.

Kanumba, nyota wetu wa filamu, alipofariki Aprili 2012, jiji zima lilisimama. Maelfu walijaa viwanja vya Leaders kumuaga, wengine walizimia. Wakubwa walihutubia sana siku zile kuhusu kuwainua wasanii. Nilikuwepo, nimesimama juani, nikaamini kila neno. Mwaka uliofuata zikaja stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, tukaambiwa wizi umekwisha. Wizi ukahama kwenye CD ukaingia kwenye flashi. Stempu utaibandika wapi kwenye flashi?

Hata huko kwao Marekani mambo haya yalikuwepo, na nakutajia kwa sababu kwenye ule mkutano wa hotelini ulisifia sana “mfumo wa Hollywood”. Studio kubwa zilitengeneza filamu, zikasambaza, na zilikuwa na majumba ya kuonyeshea. Asiyekuwa wao alikosa pa kuonyesha. Mapema tu, mwaka 1919, waigizaji Chaplin, Mary Pickford na Douglas Fairbanks, pamoja na dairekta Griffith, walichoka wakaanzisha kampuni yao, United Artists, wasambaze kazi zao wenyewe. Na mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi ya studio hizo, nazo zikalazimika kuyaachia majumba ya sinema. Hayo hukuyasema hotelini. Ulisema milango yako iko wazi kwa watengenezaji wadogo, tukapiga makofi, tukala sambusa. Nilikuwa meza ya nyuma karibu na mlango wa jikoni. Nimeuandika huo msemo kwenye daftari, na tarehe.

Vipaji vipo. Dairekta wetu Amil Shivji aliipeleka filamu yake kwenye tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2021. Kule Zanzibar, kwenye tamasha la filamu la ZIFF, tangu 1998 watu wamekuwa wakijaa Ngome Kongwe usiku kuangalia filamu chini ya nyota. Mimi sijafika Toronto. Nimefika Ngome Kongwe mara mbili, nikalala kwa shangazi Mwembetanga, nikarudi na boti ya asubuhi nikiwa na moto kifuani. Ndiyo maana niliuza cherehani nipate kushuti.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi. Barua ya kwanza ilikuwa na maombi saba: dirisha moja la vibali badala ya ofisi nne, ada ya mtu wa watu tisa isilingane na ya mtu wa watu mia mbili, vitambulisho dirishani, na mengineyo. Barua ya pili yalibaki manne. Ya tatu na ya nne nadhani unazo. Sasa nimechoka, na deni la Sinza linapanda, na mpiga picha wangu ameanza kupiga picha za harusi, na simlaumu.

Kwa hiyo hayo saba yaache. Dirisha libaki lilivyo. Nipe kadi mbili. Nyeusi, zina gundi nyekundu kwa nyuma, moja imeandikwa “MZEE 1” na nyingine “MZEE 2” kwa kalamu nyeupe. Kama ni faini nitajie kiasi na namba ya malipo, nitatafuta. Kama kuna kijana amezitia kwenye kamera yake kupiga picha za kipaimara, nakuomba umwambie asibonyeze kitu tena, azitoe taratibu azifunge kwenye karatasi. Picha zilizofutwa wakati mwingine hupatikana, zilizoandikiwa juu hazipatikani. Mwambie hilo leo, hata kabla hujamaliza kusoma.

Namba yangu ya simu iko kwenye barua zote nne. Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye ngazi zenu, upande wenye kivuli. Sitapanda juu. Mtu yeyote ashuke nazo tu.

Wako mtiifu,
Mama wa watu tisa na fagio moja,
Temeke