Neema, sukari si moja

Kiboriloni, Moshi
Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Habari za Dodoma na vumbi lake? Huku mlima umejifunika wiki nzima, nguo hazikauki. Nakuandikia kwa sababu ya ule ujumbe wako wa sauti kuhusu kisukari cha Baraka, mtoto wa dada. Ulisema, "Huyo mtoto mmemzidishia pipi." Najua hukuwa na ubaya, ila nilikuwa nimeweka spika na dada akasikia. Aliinuka kimya akaenda jikoni.

Baraka ana miaka 9. Mwezi wa pili alianza kukojoa kitandani, mtoto aliyeacha mambo hayo zamani. Dada alimchapa mara mbili, na hilo mpaka leo linamtafuna. Usiku anaamka kutafuta maji kwenye ndoo, anakula kumshinda baba yake, na bado kaptura ya shule inamvuka. Aliyeshtuka ni bibi. Alikuta sisimizi wamejaa pale mtoto alipokojoa nyuma ya banda la ng'ombe, akasema, "Huu mkojo una sukari." Sisi tukacheka. Zahanati tuliyoanzia wakampa dawa ya malaria. Siku ya tatu anatapika, anahema kama aliyepanda kilima mbio, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitali walipomtoboa kidole, mashine ya kupima sukari ikasoma 27.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya kisukari. Kinga ya mwili inageuka na kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini sukari inabaki kwenye damu bila kuingia inakotakiwa, mwili unaanza kuchoma mafuta yake, na ile harufu inatokea huko. Urithi unachangia kiasi, lakini pipi hazimo kabisa. Kabla ya mvulana wa miaka 14 kuchomwa insulini kule Toronto mwaka 1922, mtoto kama Baraka alikuwa wa kuzikwa.

Sasa sikia kituko. Mama mkubwa, ambaye ana sukari mwaka wa kumi huu, alikuja kututazama. Akafungua fundo la khanga, akatoa metformini zake, vidonge vya kisukari, akataka kumkatia Baraka nusu. "Si sukari ni sukari?" Nilimdaka mkono. Yeye ana aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi: insulini ipo, ila mwili umekuwa sugu, hauitikii inavyotakiwa, na kongosho linachoka taratibu. Kwake vidonge vinasaidia. Mtoto yule bila sindano hafiki mbali.

Na hii ya pili ndiyo yenye mambo tunayoyajua: unene, hasa wa tumbo, kukaa kutwa, umri, presha, mzazi au ndugu mwenye nayo. Soda na vitamu vinaingia kwa mlango huo wa unene. Zamani mama mkubwa alikuwa anashuka sokoni kwa miguu na mkungu kichwani. Siku hizi bodaboda inampakia mlangoni.

Kuna jambo jingine, na kusema kweli ndilo lililonishikisha kalamu. Ulipokuwa na mimba ya Kelvin uliambiwa una kisukari cha mimba. Mtoto akatoka na kilo 4 na nusu, wote tukamsifia, sukari ikashuka, ukasahau. Ilishuka, sawa. Lakini mwanamke aliyepitia hiyo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata aina ya pili baadaye, na alitakiwa kupimwa tena wiki chache baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka mpaka mitatu. Kelvin yuko darasa la nne. Umeshapima?

Mimi nilipima hapohapo na Baraka, bila kula tangu usiku. Nilipata 6.4. Kuanzia 7 ni kisukari, mimi niko njiani. Sasa napanda kwa miguu mpaka kanisani, magoti yanalia.

Nenda asubuhi kabla ya chai, halafu unitumie namba. Namba tu, maelezo baadaye.

Baraka anakusalimia. Anajichoma mwenyewe siku hizi, halafu anaanza kugombania mtori.

Wako,
Aika

N.B. Dada hana kinyongo, ila mpigie wewe mwenyewe.