Mjomba, Nyanya hajarogwa

Shikamoo mjomba. Najua hupendi mambo ya nyumbani yaanikwe mtandaoni, jina lako silitaji na la Nyanya pia silitaji, lakini ile voisi uliyotuma kwenye grupu la familia imeshafika mpaka kwa watu wasiotuhusu, kwa hiyo na jibu nalo acha liende wazi. Ulisema mama yako kachezewa na pesa ya mganga utatuma mwenyewe kutoka Doha.

Mjomba, huku Kilifi neno kama lile halitupwi tu. Wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze, kituo kinachowahifadhi wazee kama hao, kuokoa roho zao, na ukichimba mara nyingi unakuta nyuma ya yote kuna ugomvi wa shamba. Leo ni "karogwa", mwezi ujao ni "yeye ndo anaroga", manake mzee anayetoka usiku akazunguka uwanja wa jirani huku anaongea peke yake, watu hawasubiri maelezo. Na Nyanya anatoka hivyo. Mama siku hizi anatandika mkeka mlangoni na kulala hapo hapo ili akipita amsikie.

Alicho nacho ni dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu asahau na kuchanganyikiwa, si uzee tu wala si mkono wa mtu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 wenye ugonjwa huu walikuwa watu milioni 57 duniani, na zaidi ya 60% wako nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi.

Tulimpeleka hospitali, wakampa kalamu wakamwambia achore saa, eti ndo kipimo cha ubongo. Nyanya! Mtu hajaingia darasani hata siku moja, akaishika ile kalamu kama mwiko akacheka, na karatasi ikaandikwa kafeli. Sasa pale Hai, Kilimanjaro, watafiti walishaliona hilo zamani wakatengeneza kipimo cha watu wasiosoma: unaulizwa leo siku gani, mkuu wa kijiji nani, utaje wanyama unaowajua kwa dakika moja, kisha unapanga njiti za kiberiti kama ulivyoonyeshwa. Huko Hai walikuta karibu watu 6 katika kila 100 wa miaka 70 kwenda juu wana dimenshia. Hao wote wamerogwa na nani?

Tiba ya kuiondoa haipo, nisikudanganye. Ila mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu 45% ya dimenshia duniani ingezuilika au ingechelewa: presha, sukari, kolesteroli, sigara, pombe, masikio yasiyosikia, macho yasiyoona, upweke, kukosa shule utotoni na mengineyo. Nyanya presha anayo miaka na dawa alikuwa anameza siku akijisikia vibaya tu, sikio la kushoto halisikii, jicho moja lina mtoto wa jicho, tukamwacha akae nyuma ya nyumba na kuku wake tukasema mzee anapenda utulivu. (Na wewe mjomba, nisamehe mdomo huu, lakini sigara zako na hiyo sukari nazo zimo kwenye hiyo orodha.)

Yule mama CHP wa kijijini kwetu, wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mabegi ya vifaa na serikali Septemba 2023, anapita anapima presha na sukari pale pale kwenye kigoda. Kuhusu kusahau hajawahi kutuuliza hata mara moja. Mimi naona pa kuanzia ni hapo, mtu tayari yuko mlangoni, anajua familia, mfundisheni yale maswali ya wanyama na njiti, atawapata wazee mapema kabla kijiji hakijawapa jina.

Halafu kuna mama yangu, dada yako. Hilo Shirika la Afya Duniani linasema 70% ya masaa ya kuwahudumia wagonjwa hawa yanabebwa na wanawake, na hapa nyumbani ni mia kwa mia. Genge lake la mboga kalifunga. Elfu mbili za Nyanya za Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee ya kila mwezi, zikija zinaishia kwenye dawa na sabuni. Mwenyewe halalamiki, wewe unamjua, ndo maana nasema mimi.

Basi hiyo pesa ya mganga itume, lakini ilipe dawa za presha kila mwezi bila kuruka, ilipe kliniki ya macho na masikio, na kinachobaki tumlipe binti wa jirani akae na Nyanya asubuhi mama apumue. Na tuma voisi nyingine kwenye grupu lile lile, useme mama yako anaumwa ubongo na hajarogwa wala hajaroga mtu. Ikitoka kwangu ni maneno ya mtoto, ikitoka kwako wewe kifungua mimba wazee wataisikiliza. Kikao cha ukoo ni Jumamosi, fanya ifike kabla.